Mvua na Jiko la Hilja

Oktoba 9

Mvua imeanza leo. Si yale manyunyu ya Septemba ya kudanganya watu. Ni yenyewe, ile inayopanda kutoka mdomo wa mto, inaufunika mji wote wa Astoria na kukaa hadi Machi kama mgeni aliyekuja na masanduku yake. Mume wangu Eino alichukua ndoo chini ya ngazi, akaitega pale darini panapovuja, bila kuniuliza, nami bila kumwambia. Kisha akaketi mezani, akamenya chungwa, akasema ndugu yake Toivo amepiga simu tena kutoka Arizona.

Toivo ameona nyumba jirani na kwake huko Tucson. Haina ngazi, ua wake una mlimau, na jua lipo mwaka mzima hadi watu wanalichoka. Eino anataka tuiuze hii yetu mvua zikiisha. Nilimwambia nyumba hii bibi yangu Hilja aliinunua kwa kukata samaki kiwandani mpaka vidole vikapinda, na mimi siendi kuzeekea jangwani na nyoka. Hakujibu. Eino akinyamaza hunyamaza kwelikweli; unaweza kupika mlo mzima ndani ya kimya chake.

Baadaye nilitoka kwenda kununua balbu nikarudi nimejiandikisha kwenye darasa. Ni katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mlangoni pamebandikwa tangazo: tengeneza mwanasesere wako, mfanye atembee kwenye filamu. Balbu nilisahau.

Oktoba 14

Mwalimu wetu anaitwa Okada. Ni kijana mpole, mrefu, aliyefanya kazi Portland kwenye studio ya filamu za wanasesere, na huko kazi yake ilikuwa mikono tu. Kulikuwa na mtu wa nyuso, mtu wa viatu, na yeye wa mikono. Anasema mpaka leo anaota vidole.

Alitueleza siri yenyewe, ambayo wala si siri. Mwanasesere hatembei. Unamsogeza kiasi cha unywele, unatoa mkono wako, unapiga picha. Unamsogeza tena, unapiga tena. Alasiri nzima ikiisha umepata pumzi moja ya filamu. Halafu unazipitisha picha zile harakaharaka, na kitu kilichokuwa waya na sponji kinageuza shingo na kukutazama. Alituonyesha kwa kijiko cha chai. Kijiko kilijikokota mezani hadi kwenye kikombe, kikasita, kikaingia. Mimi, mtu mzima niliyeendesha basi la shule mpaka sikio langu la kulia likachoka na kelele za watoto, nilijikuta nina machozi kwa ajili ya kijiko.

Alituambia pia tuje tumevaa nguo nyeusi.

"Mwanga ni mbea," alisema. "Ukivaa nyekundu, ukuta wa mwanasesere wako utaiva wekundu, na kila atakayetazama atajua ulikuwepo."

Gayle, muuguzi mstaafu aliyeketi karibu nami, alikuwa amevaa sweta lenye rangi zote za kasuku. Alifungwa aproni nyeusi kama mtoto wa chekechea, akaninong'oneza kwenye sikio zima: "Shoga, na umri wetu huu tunacheza na wanasesere. Tena tumelipia."

Oktoba 22

Waya unachoma vidole. Nimemaliza mifupa ya mwanasesere wangu. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Oktoba 23

Nimemwita Hilja, jina la bibi. Mguu nimemkata.

Novemba 2

Jiko lake nimelijenga juu ya ubao, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa cha marehemu mama. Ni jiko la nyumba hii hii, jinsi lilivyokuwa kabla baba hajaling'oa: kuta nyeupe, meko ya kuni, meza, dirisha moja linalotazama mto. Dirisha halisi la chumba nimeliziba kwa blanketi, maana jua likipita na kujificha kwenye mawingu picha zinapepesa kama mtu mwenye homa. Kwa hiyo mle ndani hakuna saa wala hali ya hewa ila ile ninayoitengeneza mimi kwa taa mbili za mezani.

Kabati nimezipaka kijani ya daraja. Eino alipaka daraja letu maisha yake yote ya kazi, akining'inia kwa kamba juu ya mto, akikwangua rangi ya zamani na kupaka mpya, na kila walipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umeshaota kutu. Kopo la mwisho alilileta nyumbani siku aliyostaafu. Niliiba kidogo. Leo alipita, akasimama mlangoni akaiangalia kabati yenye ukubwa wa kiberiti.

"Rangi hiyo ni ya serikali," alisema, akaenda zake. Sikujua kama ulikuwa utani.

Novemba 6

Nimejua filamu yangu inahusu nini. Ilinijia nikiosha sufuria. Hilja anasuka mkate wa iliki. Mto unaingia chini ya mlango, taratibu, bila vurugu yoyote. Yeye anaendelea kusuka. Maji yanapanda, jiko linajinyanyua kutoka kwenye nyumba, linaelea, linapita kwenye meli zilizotia nanga, linapita kwa simba wa baharini wanaobweka gatini, linapita chini ya daraja, na bado anasuka. Mwishoni anafungua dirisha. Nje kuna nini, sijui bado.

Novemba 11

Mvua. Leo nimesogeza mkono wa kushoto wa Hilja tu.

Novemba 15

Jumamosi, siku ya sauna. Eino hakuja. Sauna yetu ile ya uani aliijenga baba yangu, na tangu tuoane Jumamosi zetu zimekuwa benchi lile, mvuke ule, na maneno machache ambayo hatungeambiana tukiwa tumevaa nguo. Niliketi peke yangu nikamwagia mawe maji. Niliporudi ndani alikuwa anasoma gazeti. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema joto limemchosha. Mtu anayetaka kuhamia Arizona, joto limemchosha.

Novemba 19

Nimegundua jambo. Nikiingia tu chumba cha nyuma na kuwasha taa, Eino anavaa koti lake la manjano la mvua, lile la darajani, na kutoka nje, kwenye baraza la nyuma. Ukumbi wa kwenda barazani unapita mlangoni kwangu, kwa hiyo namwona kwa pembe ya jicho wakati anapita. Baada ya hapo simsikii tena, na sikio langu hili halinisaidii. Analalamikia mvua hadi anataka kuiuza nyumba, halafu anaikimbilia kila mimi nikiketi. Nimeelewa. Mvua ni afadhali kuliko mimi.

Iliniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Novemba 24

Leo nimefanya kosa la kijinga na zuri kuliko yote. Nilitaka mkate wa Hilja uwe mkate kweli, basi nikakanda unga wa hamira na iliki kama kawaida, nikakata kipande chenye ukubwa wa kidole gumba, nikakisuka na kukiweka mbele yake. Nikaanza kazi. Namsogeza, napiga, namsogeza, napiga. Sikukumbuka kwamba taa zina joto na hamira haijui kwamba hii ni filamu.

Okada ametukataza kutazama kazi yetu kila mara. Anasema ukimtazama mwanasesere sana unaanza kumlazimisha. Lakini leo nilichungulia. Mkate ulikuwa hai. Ulijaa, ukatuna kifua, ukashuka kidogo nilipoubonyeza, ukajaa tena. Hilja ameinama juu yake kama mama juu ya kitanda cha mtoto. Nilicheka hadi Eino akaja kuona kuna nini, nikamwonyesha. Aliutazama mara moja, akaomba autazame tena.

"Unapumua vizuri kuliko mimi," alisema.

Nilicheka. Naye alicheka; ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu mvua zianze. Mkate huo nimeuacha kama ulivyo.

Novemba 27

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga kwa Gayle. Eino alipanda ngazi za pale akasimama katikati, akasema anatazama mandhari. Mandhari ya pale ni ukuta wa jirani.

Desemba 5

Paa limeanza kuvuja na kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nikimaliza kazi nakuta sakafu imelowa pale kizingitini. Nimetega ndoo ya pili.

Desemba 8

Ndoo ya mlangoni kavu, sakafu imelowa pembeni yake. Nimeisogeza.

Desemba 9

Bado kavu. Maji haya yananikwepa.

Desemba 18

Mto wa Hilja nimeutengeneza kwa jeli ya nywele, juu yake ile plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula. Ukiikunja kidogo na kumulika taa kutoka ubavuni, unakuwa mto huu wetu kabisa, wenye rangi ya risasi na usio na haraka. Leo umeingia chini ya mlango. Nilikuwa nausogeza kwa ncha ya pini ya nywele, na kila nilipousogeza nilishika pumzi, na sijui ni wakati gani niliacha kuwa chumbani kwa mama. Nilikuwa mle ndani. Nilisikia harufu ya kuni. Nilijua kwamba kwenye kabati ya kushoto kuna kopo la kahawa na nyuma yake kuna peremende ambazo bibi aliwafichia wajukuu, ingawa kabati hiyo haifunguki, ni mbao tupu iliyopakwa rangi ya serikali. Maji yalifika kwenye viatu vya Hilja. Hakutazama chini. Nilimwogopea, halafu nikakumbuka kwamba ni mimi ninayemzuia kutazama.

Nilipotoka niliona giza limeshaingia na Eino amepika supu ya samaki na viazi. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Desemba 25

Toivo alipiga simu kututakia heri. Alisema anaongea akiwa amevaa kaptula.

Januari 10

Leo wakala wa nyumba alikuja kupiga picha. Eino alimwita bila kuniambia. Ni mwanamke mchangamfu mwenye viatu visivyo vya mji huu, alisifia ngazi, akasifia madirisha, akasema watu wa Portland wanatafuta nyumba kama hizi za kupumzikia. Alipofika chumba cha nyuma nilisimama mlangoni. Jiko la Hilja lilikuwa limeshaanza kuelea. Nimelitundika kwa nyuzi, na mtu akikanyaga ubao mmoja vibaya lote linacheza. Nilimwambia chumba hiki hakipigwi picha. Alimtazama Eino. Eino alisema kwa upole kwamba ni chumba kimoja tu.

Mwanamke yule alivyo na adabu alikumbuka ana miadi kwingine. Tulibaki wawili ukumbini.

"Bibie, nilitaka tu tuone bei," alisema Eino.

"Bei ya nini? Ya bibi yangu?"

"Siwezi majira mengine ya mvua kama haya, Marlys."

"Basi nenda," nilimwambia. "Nenda kwa Toivo, kaa chini ya mlimau wenu, mchomwe na jua mpaka mchubuke. Mimi nabaki."

"Peke yako?"

"Kwani sasa niko na nani?"

Nilidhani atajibu, na naapa kama angejibu, hata kwa tusi, ningempokea. Akafungua mdomo, akaufunga. Uso ulimwiva, akageuka, akachukua koti la manjano kwenye msumari wake akatoka barazani, mlango ukajipiga. Nilirudi kwa Hilja, mikono ikitetemeka, nikasubiri itulie, nikapiga picha.

Sasa mkono umetulia, kwa hiyo naandika wazi ili kesho nisijidanganye. Mvua zikiisha, yeye ataenda na mimi nitabaki. Miaka thelathini na nne ya ndoa, na imeishia ukumbini, karibu na ndoo isiyopata maji.

Januari 13

Bango la kuuza nyumba halijaja. Eino hajataja Arizona.

Januari 20

Hajataja. Jana nilimsikia akimwambia Toivo kwenye simu kuhusu mpira wa kikapu na hakuna kingine. Nimeshinda. Mbona basi chakula hakina ladha?

Januari 31

Jiko limepita kwenye meli. Nimezitengeneza kwa maboksi ya maziwa.

Februari 8

Simba wa baharini ni soksi zilizojazwa pamba. Gayle amewarekodia mlio yeye mwenyewe, bafuni kwake, na jirani yake akaja kugonga kuuliza kama ameanguka.

Februari 15

Imebaki sehemu ya mwisho tu, ya kufungua dirisha. Nimekaa mbele ya jiko siku nzima bila kusogeza chochote. Sijui ataona nini huko nje. Eino alipita na koti lake. Nilitamani aingie, sikumwita.

Februari 21

Leo ndiyo siku aliyotupangia Okada kuonyesha kazi zetu zilipofikia, kwenye ukuta mkubwa, kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe yangu nilikuwa nimeiona vipandevipande kwenye kompyuta yangu mbovu isiyojua rangi hafifu. Gayle alikuwa wa kwanza. Jini lake la sponji lilicheza vizuri mpaka kichwa kikaanguka, akapigiwa makofi. Kisha Okada akazima taa na ikaja zamu ya Hilja.

Sitaelezea jinsi alivyoinua mkono. Niliutengeneza mkono ule, najua una nini ndani, na bado nilishtuka. Alisuka. Mkate ulipumua. Kisha, kabla hata maji hayajaingia, ukuta mweupe nyuma yake ukaanza kubadilika. Ulipata umanjano kidogo kutoka upande wa kulia, kama siagi inavyoyeyuka kwenye uji. Umanjano ulikuja, ukakaa, ukaondoka, ukuta ukabaki baridi. Halafu ukarudi. Mto ulipoingia ulikuwepo. Jiko lilipojinyanyua ulikuwepo, umejaa kabisa, na Hilja ana mstari wa dhahabu shavuni. Pembeni yangu mtu alisema ni pazuri sana. Mimi nilikuwa nimepigwa na aibu, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Okada aliwasha taa. Aliuliza kwa upole nani alikuwa chumbani.

Nilimwambia hakuna mtu. Nilimwambia navaa nyeusi, hata soksi.

"Mama Marlys, huu si mwanga wa taa," alisema. "Huu ni wa nguo. Kuna mtu alisimama kulia kwako, karibu na mlango." Alirudisha nyuma akatazama tena, akihesabu kimyakimya kwa midomo. "Na hakuwa anapita. Hapa kwenye filamu ni pumzi moja, lakini wewe unajua pumzi moja inachukua nini. Huyu alisimama alasiri nzima. Na hapa, siku nyingine. Na hapa."

Pale aliposema na hapa, ilikuwa sehemu ya Januari 10. Naijua kwa sababu Hilja anatetemeka kidogo mkono. Umanjano unakuja kama kawaida yake, umechelewa tu, na unakaa mpaka mwisho.

Gayle alinishika goti.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Nilipofika niliingia ukumbini na viatu vyangu, nikasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, pale penye ndoo. Nikatazama juu. Dari kavu, haina hata doa. Nikatazama chini, mbao zimeshabadilika rangi, duara mbili ndogo zimekaa sambamba, mahali ambapo maji hudondoka kutoka kwenye koti la mtu aliyesimama bila kusogea. Nilikaa sakafuni pale pale.

Februari 22

Jana sikuweza kuendelea kuandika. Naendelea leo.

Eino alinikuta nimekaa pale. Alifikiri nimeanguka. Alijaribu kuniinua akakosa pumzi, naye akakaa, tukawa wazee wawili tumekaa ukumbini, ndoo katikati yetu. Nilimwambia nimeuona mwanga wake. Nilimweleza kuhusu ukuta, na jinsi rangi ya koti lake inavyokuja na kuondoka kwenye jiko la Hilja tangu Novemba. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Kwa nini hukuniambia kama upo?" nilimuuliza.

"Ulikuwa umemshika Hilja mkono. Ungeshtuka, ungemwangusha."

"Na huko nje, kwenye mvua, ulikuwa unafuata nini?"

"Nilikuwa nakwenda kukohoa," alisema. "Nikikohoa humu ndani sakafu inacheza, na wewe umetundika vitu vyako kwa nyuzi. Nakohoa, nikitulia narudi."

Basi yote yakanijia pamoja, ngazi za Gayle, sauna, joto lililomchosha, uso ulioiva siku ile tuliyogombana, alipofungua mdomo akaufunga. Nilidhani alikosa la kuniambia. Alikuwa anazuia kikohozi. Nilimuuliza daktari anasemaje, maana nilijua sasa kuna daktari. Alimwona Agosti. Ni vumbi la rangi ya zamani, miaka yote ile ya kukwangua daraja, limekaa kifuani, na unyevu unalikaza. Daktari alisema hewa kavu.

"Mimi uliniambia unataka jua," nilisema.

"Si ndilo hilo?"

"Eino. Ulisema mlimau. Hukusema mapafu."

"Ningesema mapafu ungekuja bila kupenda," alisema. "Nilitaka upende."

Nilimkasirikia kiasi kwamba nililia, na nilipomaliza kumkasirikia yeye nikahamia kwangu. Nilimuuliza kwa nini ameacha kuitaja Arizona. Alisema baada ya ile siku ya wakala alimwambia Toivo ile nyumba ampe mtu mwingine.

"Nilikuwa nimeshaona jiko linaelea," alisema. "Lile huwezi kulihamisha katikati ya kazi. Na nilitaka kujua anafungua dirisha au hafungui."

Kwa hiyo alikuwa ameamua kubaki hapa, kwenye mvua, na kifua chake hicho, ili aone filamu ya mwanasesere inaishaje. Niliegemea bega lake. Lilikuwa linapanda na kushuka kwa shida, na mimi nimelala pembeni ya bega hilo mvua nzima nikiusikiliza mtaro wa maji ya paa.

Februari 23

Nimempigia Toivo mapema. Nilijiandaa kuomba msamaha na kuuliza kama kuna nyumba nyingine. Alicheka. Alisema hakumwambia mwenye nyumba lolote, maana anamjua ndugu yake, na anamjua mke wa ndugu yake zaidi. Mlimau upo. Nikamwambia tutakuja Aprili, tukishamaliza.

Nilipokata simu nilizunguka nyumba nzima nikigusa kuta. Inaniuma na itaendelea kuniuma. Lakini bibi naye alitoka kwao Ufini na sanduku moja, na jiko alilijenga alipofika.

Machi 6

Eino amenisaidia kubadilisha nyuzi. Mikono yake haitetemeki kabisa.

Machi 12

Nimejua kuna nini nje ya dirisha.

Machi 14

Leo tumepiga sehemu ya mwisho. Nilileta kiti cha jikoni nikakiweka pale pale kulia, kwenye duara zake mbili za maji, nikamwambia Eino avae koti la manjano aketi. Alisema Okada anataka nyeusi. Nilimwambia leo mwalimu ni mimi. Nilipanga taa moja imwangukie yeye, na kutoka kwake irudi kwenye jiko. Hilja akaweka mkono kwenye dirisha. Kila nilipomsogeza kiasi cha unywele, Eino alisogeza kiti mbele kiasi cha unywele, na ukuta mweupe ukaanza kupata joto, kisha kabati za kijani, kisha shavu. Tulifanya hivyo mpaka chai ikapoa mara mbili. Nje mvua ilikuwa ndogo, ile ya mwisho mwisho isiyo na nguvu ya kugonga paa.

Dirisha lilipokuwa nusu wazi nilimwona anashika kifua. Alianza kuinuka, macho yakiwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Usitoke," nilimwambia. "Kohoa hapa hapa."

"Nitakuharibia."

"Kohoa, mzee wangu. Mimi nipo."

Akakohoa. Sakafu ilicheza, nyuzi zikacheza, kikombe cha Hilja kikasogea kwenye rafu yake. Nilimshika mgongo mpaka kikohozi kikaisha, nikamfuta midomo kwa kitambaa changu cheusi cha kazi. Alitazama kikombe, akauliza kama tuanze upya. Nilisema hapana, nikarudi kwenye kamera, nikapiga picha vile vile kilivyokaa.

Machi 17

Tumeitazama yote, sisi wawili, kwenye kompyuta mbovu. Mkate unapumua, maji yanaingia, daraja linapita juu. Mwishoni Hilja anafungua dirisha na jua la manjano linamjaa. Katikati ya kuchomoza kwake jiko zima linatikisika kidogo, mara moja, na kikombe kinasogea. Hilja hageuki. Anaendelea kulifungua dirisha mpaka mwisho, kisha anarudi mezani kwenye mkate wake.